Mtoto anayeficha bugali

Wababa, mnasoma karatasi hii wakati bibi zenu wamelala. Tunajua mnaisoma, maana mara nyingine inarudi kwenye mkutano ikiwa na alama za kikombe ambazo hakuna mama anayezikubali.

Siku ya posho iliyopita tulimaliza mapema kuhesabu feza za likelemba. Kwa kawaida baada ya hapo tunakunywa chai, tunalalamikia bei ya makala, kisha kila mtu anashuka au kupanda mlima wake. Lakini mwenzetu mmoja alibaki kwenye kiti. Tulimwuliza kama feza zake zilipungua. Akasema hapana. Akasema: «Niko na mutoto kwangu, na bwana wangu anataka atoke mbele ya mwisho wa mwezi.»

Mtoto huyo ni wa dada yake mkubwa. Tumsimulie kidogo, bila jina. Alikuwa na miaka 6 wakati maji na mawe yaliposhuka milimani kule Kalehe, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ambayo watu mamia walikufa kule Bushushu na Nyamukubi. Mama yake alikuwa amekwenda sokoni. Hakurudi. Mtoto alikaa kwanza kwa jirani, halafu kwa baba mkubwa, halafu kwa watu wa kanisa, na sasa yuko hapa Bukavu kwa mama yake mdogo. Ana miaka 7. Nyumba nne katika wakati ambao mtoto mwingine anamaliza jozi moja ya viatu.

Mtoto huyo anaficha chakula. Akipewa bugali, anakula nusu, na nusu inaingia ndani ya shati. Walikuta vipande chini ya matela, vimeota ukungu. Walikuta sambaza ndani ya kiatu. Panya waliingia chumbani. Walimpiga, akaendelea. Usiku hawezi kulala bila kugusa ukuta, na mara nyingi anakojoa kitandani. Wakimwita, haitiki mara ya kwanza. Akitazamwa, anatazama pembeni.

Halafu mtoto mchanga wa nyumba akapata homa juma mbili, na bwana akapoteza kazi yake ya ulinzi. Mtu mmoja wa chumba cha maombi akawaambia sababu inaonekana wazi: chakula kinachofichwa ni cha kupelekea watu wa usiku. Alitaka dola kwa ajili ya maombi, na alitaka mtoto afunge kula siku tatu. «Huyu mutoto si mutoto,» ndivyo alivyowaambia.

Tuwaambie ukweli, wamama: hatukuitika vizuri. Wengine kati yetu tuliangalia chini. Mmoja alisema anajua nyumba ambamo jambo kama hilo lilikuwa kweli. Mwingine, ambaye tunamheshimu sana, alisema samaki mkunje angali mbichi, na huyu ameshakauka, miaka 7 ni mingi, hatanyooka tena. Tulikuwa karibu kumwacha mwenzetu aende nyumbani na neno hilo. Kisha mama mkwe wake, tate ambaye huwa anamsindikiza kwenye mkutano na kusinzia pembeni, akafungua macho. Neno lake tutalifikia.

Kwanza tunataka kuzungumza juu ya methali ile ya samaki, kwa sababu tunaitumia kila siku kama vile ni sheria. Binti wa mmoja wetu anasoma saikolojia, ni kusema elimu ya akili na moyo wa mtu, na jioni hiyo tulimwomba atufasirie wanayofundishwa kuhusu namna mtu anavyokua. Alituletea kurasa zake juu ya mtu mmoja anayeitwa Erik Erikson. Tulizisoma pamoja siku mbili, tukabishana, na sasa tunawagawia.

Erikson alizaliwa Ujerumani mwaka 1902. Mama yake alikuwa Mdenmark, na baba aliyemzaa hakumjua hata siku moja. Alilelewa na baba wa kambo, mnganga wa watoto, aliyempa jina lake, na kwa miaka mingi walimficha kwamba huyo si baba yake wa damu. Shuleni walimcheka kwa sababu ni Myahudi. Kwenye sinagogi walimcheka kwa sababu alikuwa mrefu na mwenye nywele za manjano, hakufanana nao. Mtoto kama huyo angekuwa hapa kwetu, tungemwita mtoto asiye na pa kuegemea. Hakupata diploma ya chuo kikuu hata moja, lakini alijifunza kule Vienna karibu na Anna Freud, akaenda Marekani mwaka 1933, na mwaka 1939, alipopata uraia wa kule, akajichagulia jina: Erikson, maana yake mwana wa Erik. Alijifanya mwana wa yeye mwenyewe. Mwaka 1950 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya utoto na jamii, na ndani yake akasema maisha ya mtu yana ngazi 8, tangu kuzaliwa hadi uzee.

Kabla yake, wengi walifikiri kwamba mtu anakwisha kutengenezwa akiwa mdogo sana. Yeye alisema hapana, mtu anaendelea kutengenezwa hadi kufa. Na kila ngazi ina mvutano wake, vitu viwili vinavutana ndani ya mtu kama watu wawili wanaovuta kamba.

Ngazi ya kwanza ndiyo inayotuhusu zaidi juma hili. Ni ya mtoto mchanga, mwaka wa kwanza na kidogo zaidi. Mvutano wake ni kati ya kuamini na kutoamini. Mtoto hajui maneno, lakini ana ulizo moja: nikilia, kuna mtu atakuja? Akija mama, au tate, au yaya, na akija tena kesho, na tena, mtoto anajifunza kwamba dunia inashikika. Kinachotoka hapo Erikson alikiita tumaini. Asipokuja mtu, au akija leo kwa ziwa na kesho kwa kofi, mtoto anajifunza kwamba lazima ajilinde mwenyewe.

Lakini sikieni hapa, maana ndipo tulipobishana zaidi. Erikson hakusema mtoto aamini kila kitu. Alisema anahitaji vyote viwili, ila kuamini kuzidi. Mtoto ambaye haogopi chochote ataanguka ziwani. Kwa sisi wa Kivu neno hilo ni la kweli sana: watoto wetu wanajua sauti gani ni ya radi na sauti gani si ya radi, na kutoamini kwao kumeokoa wengi. Shida inakuja wakati kutoamini kumekula nafasi yote.

Na mtoto wetu wa Kalehe? Hatujui alinyonyeshwa namna gani, lakini mwenzetu anasema dada yake alikuwa mama wa upole. Basi ngazi ile ya kwanza labda aliipanda vizuri. Kisha siku moja mama akaenda sokoni na mlima ukashuka. Nyumba moja, nyumba ya pili, nyumba ya tatu, na kila mara alipozoea sufuria ya mahali, walimfunga kitambaa cha nguo na kumpeleka kwingine. Ulizo la mtoto mchanga limerudi kwake akiwa na miaka 7: kesho kutakuwa na chakula? Na kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeweza kumjibu, anajijibu mwenyewe kwa kuweka bugali chini ya matela. Hapelekei watu wa usiku. Anaipelekea kesho.

Tulipofika hapo, mama yule wa methali ya samaki alinyamaza muda. Halafu akasema: «Basi kama ulizo linaweza kurudi, jibu nalo linaweza kurudi.» Hatukuweza kusema vizuri kuliko yeye, na tulimwomba ruhusa ya kuandika hivyo.

Ngazi ya pili na ya tatu tutapita haraka, mnazijua kwa miguu yenu. Ya pili, karibu na miaka miwili, ni ya «mimi mwenyewe»: mtoto anataka kujivalisha, kwenda chooni peke yake, kumwaga maji ya kunawa. Akichekwa na kuaibishwa kila mara, anaanza kujiona mbovu. (Kwa hiyo, wamama, ile desturi ya kumvalisha matandiko yaliyolowa kichwani na kumpitisha kwa majirani, tuiache. Tumeiona tena kwenye kartie mwezi huu.) Ya tatu, miaka 3 hadi 5, ni ya kuanzisha: wanapika udongo, wanafanya ndoa, wanauliza kwa nini hadi unachoka. Wakigombezwa kwa kila wanachoanzisha, wanakua na hatia isiyo na kosa.

Ya nne ni ya miaka ya shule ya msingi, na mtoto wetu yuko hapo kwa umri wake. Mtoto anataka kuweza kitu: kusoma, kuhesabu, kusuka mkeka, kuchunga. Akiweza, anajiona mtu. Asipoweza, au akisimamishwa kila mwezi mbele ya wenzake, anajiona chini yao wote. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yalitangazwa kuwa ya bure, lakini mnajua kwamba kijana bado anaweza kurudishwa nyumbani kwa sababu ya kalamu au nguo. Mtoto wa mwenzetu hajaandikishwa, kwa sababu kila nyumba ilingoja kwanza kuona kama atakaa.

Ya tano ni ujana, na kwa Erikson ndiyo ngazi kubwa, kwa sababu yeye mwenyewe iliumiza. Ulizo ni: mimi ni nani? Kijana anajaribu nguo, lugha, marafiki, kanisa, na asipopata jibu nyumbani, atalikubali jibu lolote linalotolewa njiani. Mtu anayempa silaha na jina jipya, au anayempeleka kwenye shimo la madini na kumwambia wewe sasa ni mwanaume, anampa jibu la haraka. Tukisema vijana wetu wanapenda fujo, tunasahau kwamba wengi wanatafuta jina. Hii tutairudia siku nyingine, ina mengi, na wamama wenye vijana wa miaka 15 tayari wanatusukuma kwa kiwiko.

Ya sita ni ya kupenda na kujiunga na mtu mwingine bila kujipoteza. Erikson alisema ni vigumu kumpa mtu moyo wako kama bado hujajua ni moyo wa nani. Tukitazama ndoa za wasichana wadogo, tunaona alichotaka kusema. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka miaka 18 kwa msichana na kwa mvulana, lakini hata bila sheria, msichana wa 15 anayezaa amesimama kwenye ngazi mbili kwa mara moja: anajitafuta yeye, na papo hapo kuna mtu mgongoni anayelia.

Hapo ndipo hatukubaliani naye kabisa. Ngazi zake ziko kama ngazi za nyumba ya Wazungu, moja baada ya nyingine, kila moja kwa wakati wake. Kwetu mtoto wa miaka 9 anabeba ndugu yake, mjane ana miaka 24, na tate wa miaka 65 ananyonyesha wajukuu kwa chupa. Tunapanda tukiruka, na mara nyingine tunarudishwa chini. Lakini tusimwonee: yeye mwenyewe alikwenda kuishi muda na Wasiuksi wa South Dakota na Wayuroki wavuvi wa California, wenyeji wa kwanza wa Marekani, akaona kwamba kila taifa lina njia yake ya kubeba mtoto, na kwamba mtoto akivunjiwa njia ya watu wake anapotea kati ya mbili.

Ngazi ya saba ni ya sisi wengi tunaoketi kwenye mkutano, miaka 40 na kuendelea. Mvutano wake ni kati ya kuzalisha na kukauka. Wengine kati yetu walisikia neno kuzalisha wakaumia, kwa sababu wako ambao hawakuzaa, na wanajua namna wanavyoitwa kwenye sherehe za ndoa. Lakini Erikson hakumaanisha tumbo. Alimaanisha kutunza kile kitakachobaki baada yako: mtoto wako au wa mwingine, shamba, ufundi unaofundisha, kikundi. Mtu anaweza kuzaa kumi na akakauka kwa sababu anajitazama mwenyewe tu. Na mwingine hakuzaa, lakini nusu ya wasichana wa kartie wanajua kushona kwa mkono wake. Kuna mama kati yetu aliyesikia hayo, akatoka nje kidogo, akarudi na macho mekundu, akaomba tusome tena. Tukasoma tena.

Sasa tuseme pia kovu la mtu huyu, maana kama tusingelisema tungewadanganya. Mwaka 1944 Erikson na bibi yake Joan walizaa mtoto wa nne, Neil, aliyekuwa na hali ya Down, ile inayofanya mtoto akue polepole kwa akili na kwa mwili. Waganga walisema hataishi muda mrefu. Wakampeleka kwenye nyumba ya kulelea, na watoto wao wadogo wakaambiwa kwamba alikufa. Hakuwa amekufa. Aliishi zaidi ya miaka 20, mbali na jamaa. Mtu aliyefundisha dunia nzima kwamba mtoto anahitaji kujua kuna mtu atakuja, hakwenda.

Tulipolisikia hilo, wengine walitaka kutupa kurasa. Sisi tulifikiri tofauti, na tunawaambia kwa nini. Nyumba ile haikuwa nyumba ya watu wabaya. Walikuwa watu waliosoma, wenye kupendana, wakamsikiliza mtu wa mamlaka aliyesema huyu hatafaa, mtoeni. Walimwamini upesi, kwa sababu waliogopa. Nani kati yetu anaweza kusema hajaona nyumba kama hiyo? Mwenzetu aliketi mbele yetu akiwa na woga huo huo, na sisi tulikuwa karibu kuwa wale waganga.

Ngazi ya nane ni uzee. Mtu anageuka kutazama njia aliyopita, na anavutwa kati ya kuikubali yote, pamoja na mabaya yake, na kukata tamaa kwa sababu hakuna tena muda wa kuanza upya. Erikson alikufa mwaka 1994. Lakini Joan, ambaye alifanya kazi naye tangu mwanzo na jina lake halitajwi mara nyingi (hilo nalo hatushangai), alikuwa amezeeka kuzidi wote wanaoandika juu ya uzee, na akaongeza ngazi ya tisa, iliyochapishwa mwaka 1997, mwaka aliokufa yeye mwenyewe akiwa na miaka 94. Alisema katika uzee wa mwisho mivutano yote inarudi. Na ya kwanza kurudi ni ile ya mtoto mchanga. Mguu uliouamini haukubebi tena. Jicho linakudanganya. Unauliza tena: nikiita, kuna mtu atakuja?

Ndiyo maana tunarudi kwa tate. Alipofungua macho pale kwenye mkutano, alisema: «Hata mimi nilifichaka.» Mwaka 1967, wakati askari wa kukodiwa wa Schramme walipoushika mji huu wa Bukavu kwa miezi, alikuwa msichana wa miaka 10. Walikimbia na mama yake, wakalala porini, wakala walichokipata. Waliporudi, mwaka mzima alikuwa anaweka mihogo ndani ya paa la nyumba. Hakuna aliyemwita mchawi. Mama yake aliona, akanyamaza, na kila asubuhi akamwonyesha ndani ya kikapu na kumwambia: hiki ni cha leo, hiki ni cha kesho. Halafu tate akafungua fundo la kitenge chake mbele yetu sote. Mlikuwa karanga. Anakaribia miaka 70 na bado anatembea nazo.

Kutoka hapo mkutano uligeuka. Siku ya kwanza ya juma watatu wetu tulikwenda na mwenzetu kwenye nyumba ya usikilizaji, na mama mshauri wa pale alitupa maneno yanayofanana na ya tate. Tunayaandika kama tulivyoyasikia, kwa yeyote aliye na mtoto kama huyo. Msimpige kwa ajili ya chakula na msimnyime kama adhabu, maana kumnyima ni kumthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuficha. Mpeni mkebe wake wenye kifuniko, panya wasiingie, na ndani muweke karanga au mahindi ya kukaanga, na usikae mtupu. Chakula kiwe saa moja kila siku, hata kama ni uji tu, na akimaliza aambiwe kingine kinakuja saa ngapi. Mtu mmoja, yule yule, amlaze jioni. Akikojoa, matandiko yafuliwe bila hotuba. Na msihesabu kwa siku. Mama mshauri alisema ni miezi, na kwamba mtoto akianza kuamini anaweza kwanza kuwa msumbufu zaidi, kwa sababu anajaribu kama mlango utabaki wazi.

Kuhusu kumfungisha kula siku tatu, alisimama kabisa. Mtoto wa miaka 7 anayeogopa njaa, kumfungisha ni kumrudisha kule mlimani. Na akatukumbusha mambo mawili ya sheria ambayo kila mama anafaa kuyajua kwa kichwa. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumshitaki kwamba ni mchawi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatoa adhabu kwa anayefanya hivyo. Mtoto ni kila mtu ambaye hajafika miaka 18. Haijalishi anayemshitaki ni baba, jirani, au mtu mwenye Biblia mkononi. Homa ya mtoto mchanga, ilipopimwa, ilikuwa malaria, na dawa ilitolewa.

Tusidanganyane kwamba sasa nyumba ile imetulia. Bwana alikubali mtoto abaki, lakini alisema «tutaona», na wamama mnajua uzito wa neno hilo. Hajapata kazi. Yule mtu wa maombi amepita tena mara moja, tate akamwambia mwenye nyumba hayupo, naye bwana alikuwa ameketi nyuma ya pazia. Hilo tunalihesabu kama maendeleo. Mtoto ataandikishwa shule mwezi wa tisa. Nguo ya shule mmoja wetu anaishona, yule yule aliyetoka nje na macho mekundu.

Juzi usiku mwenzetu aliinua matela akakuta kipande cha bugali, kimoja. Mbele ilikuwa vinne, vitano. Alikirudisha mahali pake. Asubuhi mtoto alikuja jikoni, akasimama mlangoni, akauliza: «Mama mudogo, leo jioni tutakula saa ngapi?» Mara ya kwanza kuuliza. Akamjibu saa kumi na mbili. Halafu, anasema mwenzetu, alikimbia mchana mzima kutafuta makala kwa deni, kwa sababu hajawahi kuogopa kuchelewa kupika kama siku ile. Saa kumi na mbili kasoro kidogo sufuria ilikuwa chini.

Mama mwenye mikebe ya maziwa ya unga yenye vifuniko vinavyoshika, ailete siku ya posho. Tunahitaji mitatu. Baada ya mkutano ule wenzetu wengine wawili walituvuta pembeni, kila mmoja peke yake, kuuliza juu ya mtoto aliye kwao.